Kwa Wema Wa

Meza ni yetu, taa ni ya jirani;
umeme wa Kadutu leo umelala kwa wengine.
Bahasha mia na themanini za harusi ya Mugisho,
na harusi ni Jumamosi.

Baba mkubwa Birindwa kwanza ananawa mikono.
Mapadri walimfundisha kwa rula juu ya vidole,
na mpaka leo herufi zake zote zinalala upande mmoja
kama mtama uliopitiwa na mvua.
Kwa Mheshimiwa Bwana Zihindula Deogratias,
Mwalimu Mstaafu,
avenyu, nambari, mtaa,
kisha Bukavu, na chini ya Bukavu mistari miwili
aliyoikaza kama anayefunga gunia.
Halafu anasita. Nchi.
Mkono huu umeiandika kwa majina matatu,
na kalamu hungoja kidogo, kwa heshima,
isije ikakosea mwaka.
Bahasha moja, robo saa. Chai imepoa.

Mimi nashika biki, herufi kubwa tupu.
Nilijifunza anwani wakati posta ilikuwa ukuta na njiwa,
barua zikipanda malori ya maharage,
zikilala kwenye mikoba ya masista,
zikivuka vizuizi ndani ya soksi.
Avenyu sikuandika. Niliandika
NYUMA YA KANISA, MLANGO WA BULUU,
ULIZA MAMA WA MAKALA.
Na pembeni juu, pale stempu ingekaa:
KWA WEMA WA fulani.
Jina la mchukuzi ndilo lilikuwa stempu,
na stempu hiyo haikunidanganya
ila mara moja, na huyo alifia njiani.

Nsimire, kitinda mimba wangu, keshamaliza thelathini.
Tonton Cikuru. Nambari ya simu.
Moyo mdogo wa wino wa zambarau.
Baba mkubwa anaigeuza bahasha, anatafuta upande wa pili.
"Na mtu huyu anakaa wapi?"
"Kwenye simu yake, babu.
Nyumba huteleza. Nambari haitelezi."
Alisema akicheka. Kisha akaziba mdomo,

maana iliyofuata ilikuwa ya Mama Cito,
na ule usiku wa Aprili, mlima uliposhuka,
hakuna aliyeusahau mezani pale.

Baba mkubwa aliandika jina lote, na la ubatizo,
akafika kwenye nambari ya kiwanja, akainua kalamu.
Mlango niliokuwa nikiuandika mimi
uko chini ya udongo na migomba.
Nsimire akapiga simu, akapiga tena;
yule mwanamke asiyechoka
akatuambia kwa Kifaransa safi kwamba hapatikani.

Tukaendelea na wengine.
Bahasha ile tuliisogeza, tukairudisha,
jina refu zuri, limelala upande,
na chini yake weupe.

Asubuhi akapita mwenye ndizi, karai kichwani.
Akaisoma kwa taabu, kidole chini ya kila herufi,
akizilaumu herufi kwa kutosimama wima.
"Cito? Si yule anayelala kwa dada yake, kule Panzi,
juu ya kinu?
Kesho nafika huko. Lete."

Nikatafuta biki. Nikaandika pembeni juu
KWA WEMA WA
na kumuuliza jina lake.

"La nini?" Bahasha imekwisha kuingia kifuani,
yeye amekwisha kugeuka, anashuka.
"Andika tu ndizi."