Jibu kwa Mchoro wa Chitanda

Umelichora vizuri, Chitanda: zimwi la chuma
lenye magoti, mizinga mabegani,
urefu, umeandika, ghorofa sita.
Linavuka Ruvuma kwa hatua nne.

Mimi nimecheza ngongoti miaka kumi na mmoja
hapahapa Newala, na bega hili la kushoto
ndilo lililonifundisha hesabu.

Ukiwa juu, kila mtu anakuona.
Hata mwenye manati.
Na mguu mmoja ukiwa hewani
tani zote zinaulalia ule mwingine;
mchanga wetu hauogopi mzinga, unameza tu.
Uliza lile trekta la korosho pale Kitangari:
magurudumu manne, na lililala siku tatu.

Goti, mjomba, ndilo mla grisi.
Nani atapanda kulipaka, kwa ngazi ipi,
huku risasi zinapita?

Lakini usilifute.
Siku wari walipotoka jandoni
nikachomoza nyuma ya soko,
watoto walikimbia, wakarudi,
wakakimbia tena wakicheka.

Labda kazi yake ni hiyo.
Livishe kinyago. Ondoa mizinga.
Kisha nichongee goti moja, la mti,
tuone.