Sababu ya Kuja

Langoni, kama kamba moja na bati mbili ni lango,
Perusi ananisogezea daftari la wageni,
limevimba kwa unyevu, kalamu yake imefungwa uzi
kama mbuzi mwenye tabia.
Jina: Nyemo Chilongani.
Nitokako: Dodoma mjini, Chang'ombe.
Sababu ya kuja:
hapo wino ukagoma.
"Utajaza ukirudi," akasema. "Wengi hujaza wakirudi."

Mtumbwi ni gogo moja lililokombwa kwa tezo.
Gogo limebeba Wagogo, anacheka Chidawali,
mzaha aliouzeesha kwa kila mgeni,
nami nikaucheka upya, kwa heshima ya upondo wake.

Hatukwenda mbali, tukaingia msituni.
Msitu ndani ya maji! Migunga
imezama hadi kiunoni, imenyamaza,
kama waumini wa ubatizo
ambao mchungaji amewasahau.
Miiba juu, miiba tena chini kwenye kivuli chake,
sisi katikati tukipita vichwa tumeinamisha,
Chidawali akiyaita matawi kwa majina
ya watu waliowahi kumkwaruza.

Mwezi wa kumi, anasema, hapa napita na baiskeli.
Vumbi hadi kwenye meno. Ng'ombe wanalamba chumvi
palepale unapotumbukiza mkono sasa.
Na kambale? Kambale hujizika matopeni,
hulala na madeni yake,
mvua ikimwamsha hana habari ya mwaka.

Baba alikuwa mshika bendera, stesheni ya Bahi.
Miaka ishirini na sita, kijani na nyekundu,
na pembeni mwa daftari la treni, kwa penseli,
mambo ambayo Reli haikumuuliza:
*Ziwa limekuja.*
*Ziwa limeondoka.*
*Heroe, sikuwamaliza, treni ya mizigo imewaamsha.*
Mwaka niliozaliwa: *Ziwa limekuja. Mtoto pia.*
Sasa ni macho yake yaliyoondoka,
nayo hayana kifuku cha kuyarudisha.
Alfajiri alinishika kiganja, akakikagua kama tiketi:
"Nenda ukanitazamie."

Basi nikatazama.
Nikatazama mwari akimeza samaki mzima
kama mkwe anayemeza neno.
Nikatazama nguzo nyeupe zilizosimikwa majini,
mpaka wa nyavu; ng'ambo yake ni pa kuzaliana,
na ukingoni doa jeusi ambapo majani hayaoti.
"Wavu wangu ulichomwa pale," akasema Chidawali.
"Nilipiga kura ndiyo kama wenzangu.
Kiberiti nilikishika mwenyewe.
Mkono huu uliwasha, huu mwingine ukawa unazuia."
Akanyamaza mipondo mitatu, minne.
"Sasa perege wanafika hapa,"
akaonyesha kwenye kifundo cha mkono,
mkono ule uliozuia.

Halafu heroe.
Sitasema wanafanana na nini.
Nilihesabu kwa midomo tu, bila sauti,
kumi, kumi, kumi tena,
na nilipofika mia mbili na nne
honi ya treni ikalia upande wa Kintinku.
Ziwa lote likanyanyua miguu.

Perusi akafungua mkoba wangu, bila kuomba radhi.
Ubao nyuma yake unakataza
yai, unyoya, ganda,
samaki asiyetimia, ukuni hata wa kuchokolea meno.
Akatazama viatu vyangu, matope hadi kwenye kamba.
Akausoma ubao wake tena, polepole, toka juu.
Matope hayakuandikwa.
Akanipa kalamu.
*Nimetumwa*, nikajaza.

Usiku, Chang'ombe, kiatu kimoja mapajani mwake,
Baba anabandua ganda la tope kwa ukucha,
analinusa, analivunja, analigusisha ulimi,
mzee mzima!
"Heroe wangapi?"
Mia mbili na nne, Baba, kisha treni.
Akacheka mpaka akakohoa.
Akakikumbatia kiatu, akafumba macho yasiyoona.
"Haya," akasema, "anza moja."