Chupa ya Aikande

Mimi si mtu wa mawe.
Wa mawe ni akina Ndelwa, wanaojua kwa kusikiliza tu
kijiko kimegonga mwamba au kimegonga mchanga.
Mimi ni wa maji.
Nina pampu moja ya dizeli, mipira miwili yenye viraka,
fimbo niliyoipiga mstari mwekundu kila shubiri,
na mabwawa matatu yanayoshuka kama ngazi
kutoka shimoni hadi Mto Weruweru.

Watu hudhani machimbo ni kuchimba.
Chimba hapa ukingoni, hata kimo cha mtoto hujafika,
utakuta mto umekutangulia chini,
umekaa, unakungoja.
Usiku kucha unajaa shimoni kimyakimya,
asubuhi naukuta umelala juu ya kokoto
kana kwamba ni kitanda chake. Na ni chake.
Nauamsha kwa kamba ya pampu,
mvuto mmoja, miwili; mitano kwenye baridi ya Julai.

Bwawa la kwanza hupokea maji ya kuoshea kokoto,
mazito, rangi ya jivu.
Tope la humo huanguka lenyewe kama mlevi.
La pili ni la subira.
Katika la tatu naingia pekupeku:
nisipoviona vidole vyangu vya mguu
siyaruhusu maji kurudi kwa wenyewe.

Wenyewe wapo. Chini ya daraja la zamani
kuna mfongo unaokata kushoto,
uliochimbwa na watu ambao hata majembe yao yameshaliwa na kutu.

Aprili ile hapa kwetu jua kali, vumbi la malori.
Lakini mlima ulikuwa umejifunika tangu juzi,
na aliyezaliwa miguuni pake
hasomi anga la juu ya kichwa chake.
Saa tisa fimbo ilisema mistari sita.
Saa kumi, minane.
Bwana Mtenga akapiga simu kutoka mjini:
"Mabwawa yamejaa? Fungua.
Mto wote utakuwa mchafu, nani atajua tope la nani?"

Nikafungua.
Niliseme hivyo hivyo, bila kulivisha nguo.
Saa nane usiku, tochi mdomoni,
nikageuza gurudumu la lango,
na subira ya miezi mitano
ikatoka kwa dakika arobaini.
Sauti yake haikuwa ya maji.
Ilikuwa ya mtu anayemeza.

Siku ya tatu akaja Aikande Kiwelu, wa mfongo wa chini,
mabuti ya mpira, kitambaa kichwani, hakugomba.
Akaweka mezani chupa iliyowahi kuwa ya maji ya dukani,
akavuta kreti la soda, akakaa.
"Tusubiri," akasema.

Tukasubiri.
Malori matatu yakajaa, yakaondoka.
Chai yangu ikafanya utando.
Ndani ya chupa wingu lilikuwa linashuka polepole,
nami, fundi wa kusubiri, nikakosa pa kuweka mikono.

Lilipotua, akalipima kwa kidole.
Udongo unaoletwa na mvua huku ni mwekundu,
wa migombani, wa makaburi.
Huu ulikuwa kijivu.
Unga wa jiwe letu.

"Hii ni chupa," akasema.
"Vitunguu vyangu ni robo eka."
Akaondoka, chupa akaniachia.

Sasa tuna bwawa la nne, nimelichimba kwa kelele nyingi
na likizo yangu yote.
Maji ya kuoshea yanarudi kuosha tena, mtoni hayagusi,
na Bwana Mtenga kila mwisho wa mwezi
ananisomea bei ya dizeli kama anasoma msiba.
Vitunguu vya mwaka ule havikurudi. Sikuwahi kuuliza vilikuwa magunia mangapi.

Chupa iko dirishani.
Lori likipita kibanda hutikisika
na maji yake huchafuka upya.
Naweka kalamu chini.
Nasubiri.