Parafujo

Aliisukuma pikipiki kutoka Buxton hadi mlangoni kwangu,
saa sita, jua la Machi likitoboa utosi:
mwanamke wa makamo, nywele fupi za mvi,
viatu vizito kama vya mzimamoto.
Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi.
Akaelekeza kidole penye tundu ubavuni mwa injini,
akasema: parafuso.
Nikampa parafujo.
Tukatazamana.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe babu zake walikuja na mizinga,
wakatuachia ngome, meza, leso, gereza,
na hiki kimsumari cha kuzungusha
kilichokaa vinywani mwetu miaka mia nne
kikimngoja mwenyewe
aje na pikipiki inayovuja mafuta.

Jina lake Graça. Kitsao, kijana wangu, akamwita Garasa.
Nikamkanya: huyu si garasa, wewe,
huyu ni turufu. Ametoka Loitokitok peke yake.

Akaenda kulala Mji wa Kale, mgongo wamuuma.
Kabla ya kufungua chochote, nilisoma matope.
Chini kabisa, kwenye uma wa mbele, jivu jeusi la mlimani,
nalijua, malori ya nyanya huja nalo.
Juu yake udongo wa Voi, umekauka kama hina ya juzi.
Kwenye mnyororo jani la mti nisioujua,
limegandwa na grisi. Kitsao akalinusa,
akasema linanuka baridi.
Wundanyi hiyo, akasema, shangazi yangu aliolewa huko.
Na juu ya vyote chumvi, chumvi ya Watamu,
dada wa hii inayonilia mabati kila mwaka.

Milima ya nchi yangu nikaikwangua kwa bisibisi,
ikaangukia gazeti la juzi.
Miaka arobaini na mitatu.
Nimezifungua ngapi, zikaenda zilikokwenda,
nami hapa, juu ya kreti ya soda.

Kesho yake nikamaliza.
Pikipiki lazima ijaribiwe, hiyo ni kanuni,
na kanuni yasema: mpaka Makupa, kisha urudi.
Makupa nikaipita.
Nilisikia valvu inanong'ona,
nikasema twende Changamwe tuisikilize.
Changamwe kuna kelele. Jomvu, basi.
Jomvu kuna malori.
Miritini sikutafuta tena sababu.

Pale Mazeras barabara ikainua kidevu,
injini ikashusha sauti kama mtu anayeanza kusema kweli.
Nimewahi kupita hapa mara mbili,
zote kwa mazishi, macho chini.
Upepo ukaniingia shatini, hauna chumvi.
Hauna chumvi hata chembe!
Nikasimama kando, nikageuka:
kisiwa kizima, na madeni yangu yote,
kikatosha chini ya kidole gumba.

Nikarudi. Nikajaza tangi kwa pesa yangu.
Lakini mita haina urafiki: kilomita arobaini na mbili.
Graça akaisoma, akanitazama,
akatoa daftari lake lenye madoa ya chai,
na chini ya Voi, chini ya Wundanyi, chini ya Watamu,
akaandika 42,
na mbele yake: Shee.
Hakunikata hata shilingi.

Alhamisi akavuka Likoni kuelekea Lunga Lunga.

Leo nakunja lile gazeti,
na parafujo moja imebaki.
Ndogo, kichwa cha nyota, safi.
Natumai ni ya kifuniko cha taa.
Si ya breki. Za breki nilizihesabu, Kitsao shahidi.
Lakini amana ni amana,
hurudishwa kwa mwenyewe, hata iwe punje.
Kitsao anasema Tanga si mbali.
Namuuliza, nikijifuta mikono polepole,
ile pikipiki ya mwalimu Randu tuliyoiziba tairi,
si bado haijajaribiwa?