Sikukuwekea Ramani

Unaanzia Isyonje, saa kumi na moja alfajiri,
ndani ya koti la mtu mwingine, viazi vitatu mfukoni.
Hakuna sauti ya kukukaribisha,
hakuna mshale wa kijani unaorukaruka juu ya njia.
Kuna ukungu.
Kuna ng'ombe anakohoa mahali usipopaona.
Haya. Cheza.

Mchezo huu niliutengenezea chumbani, Uyole,
kompyuta nimeifunga kwa mpira wa baiskeli pale bawaba ilipokatika,
miguu kwenye soksi mbili mbili.
Umeme ukienda natoka nje
kuiangalia baridi inavyofanya kazi.
Haina haraka. Nikaliandika hilo daftarini:
haina haraka.

Lakini kwanza nilikosea, nikaifanya adui.
Namba zilishuka, mia, themanini, arobaini,
kioo kikageuka chekundu, mchezaji chali.
Nikamwita Anyelwisye, muuza vocha wa stendi, aujaribu.
Alikufa mara kumi na moja kwenye kijito kilekile.
Ya kumi na mbili hakuicheza. Alisukuma kiti:
"Kaka, hapa sijafundishwa kitu. Nimeonewa tu."

Nikalala na neno hilo.
Kuonewa.

Asubuhi nikampigia mama, Matamba.
Yeye aliivuka Kitulo akiwa na miaka kumi na mitatu,
gunia la pareto mgongoni, mwezi wa sita,
sakitu imekaa juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagika.
Mlijuaje njia? nikamuuliza.
Akacheka. "Njia? Nani kakwambia kulikuwa na njia?"
Kisha polepole, kama mtu anayemenya kiazi cha moto:
tazama nyasi zimelalia wapi, upepo wa usiku umetoka upande wa pili.
Ukisikia maji na huyaoni, simama,
hapo mbele ni tope limevaa majani.
Vidole vikiuma, shukuru.
Vikiacha kuuma, ndipo uogope.
Na jua la kwanza usilikalie,
lina tabasamu la mkopeshaji.

Nikafuta namba. Usiku kucha nafuta.
Sasa mwili wako utasema wenyewe:
utauma, halafu utanyamaza,
na kunyamaza huko ujue mwenyewe ni nini.
Nyasi nimezilaza shina kwa shina, hazisemi uongo.
Huo ndio mkataba wangu na wewe:
mlima unaweza kukuua, kukudanganya hapana.
Isipokuwa jua. Jua nimeliachia uongo wake,
kwa heshima ya mama.

Najua utauliza, kuna nini nyuma ya kile kilima?
Utapoteza nusu ya siku, na kiazi cha mwisho.
Hakuna sanduku la dhahabu. Sikuweka.
Niliweka mashimo ya wachimba chikanda,
sufuria yenye masizi, na mafiga matatu
ambayo ukiyagusa bado yana uvuguvugu.
Maana yake mtu kapita.
Maana yake panapitika.

Mama alitaka kujua kama mtoto wa ndani ya mchezo hufika.
Inategemea, nikamwambia.
"Hata sisi ilitegemea," akasema, akaomba nimtumie salio.

Anyelwisye alirudi Jumamosi na karanga kwenye gazeti.
Akafa mara mbili. Hakulalamika, alisema "ahaa".
Usiku wa pili ukungu ulimpasukia
juu ya zile kona za kuteremkia Chimala,
Usangu yote imelala chini, ya njano, yenye joto.
Akaacha kutafuna.
"Nikishuka ndiyo nimemaliza?"
Ndiyo.
"Basi ngoja kwanza."
Akamgeuza yule mtu wake mwenye koti la kuazima,
akaanza kupanda tena, kushoto,
kuelekea bonde alilolipita gizani.

Huko sikuwa nimetengeneza kitu bado.
Nikavuta daftari.