Karani wa Kivuli

Koti nililichambua Mwanjelwa, kwenye rundo la mitumba,
la kijivu, kifungo cha tatu kimebaki kwao.
Nikilivaa, nimekuwa Serikali.
Meza ya kuazima, faili tupu, kalamu isiyo na wino,
na uso niliouweka mezani kama jiwe la kuzuia karatasi.

Ndipo Gwamaka anaingia
kwa visigino, na kofia ya mkewe,
ukumbi umekwisha kutikisika hajasema kitu.

"Shikamoo, ofisi. Nimeibiwa."
"Umeibiwa nini?"
"Kivuli."
Siinui macho. Nafungua faili.
"Lini?"
"Jana, ukungu uliposhuka kutoka Mporoto."
"Urefu?"
"Asubuhi kinanizidi. Saa sita kinalala chini ya kiatu."
"Rangi?"
"Ya kabla ya kuibiwa?"
"Mashahidi?"
"Jua, mzee. Ila siku hiyo halikufika kazini."

Hapo nahesabu.
Moja.
Mbili.
Mvua ya Tukuyu inapiga bati.
Naandika, polepole, kwa kalamu kavu:
ha-li-ku-fi-ka.
Mabibi wanaangukiana, mtoto anaporomoka benchini,
na mimi nageuza ukurasa.

Mchi ndio unaoruka, ndio unaosifiwa.
Kinu kinakaa, kinapigwa.
Katwange hewani uone.

Wakimkuta sokoni Kiwira wanacheka
hata akiuliza bei ya ndizi.
Mimi wananiuliza mbolea ya ruzuku itafika lini.
Mama mmoja wa Katumba alinifuata na cheti cha mwanawe,
nimgongee muhuri.
Nilimwambia sina muhuri.
Akasema, "Ndivyo mnavyosemaga."

Pesa tunagawana nusu kwa nusu, hilo sitamsingizia.
Ila jina ni lake. Mimi ni "yule mwenzake."

Tusekile, mke wangu, aliwahi kuniuliza:
"Hivi wewe huoni kinachochekesha?"
Nakiona. Nakiona kabla ya wote,
nakishika mlangoni kisinipite.
Kinakuja usiku wa manane, chini ya blanketi,
kicheko cha juzi, kimechelewa kama barua,
kitanda kinatetemeka,
naye ananipapasa mgongo akidhani nalia.

Basi mwaka ule, Lwangwa, nikasema: leo tubadilishane.
Nikachukua kofia. Akachukua koti, likamgomea tumboni.
Nikaingia kwa visigino.
"Shikamoo, ofisi. Nimeibiwa."
"Umei—"
Kicheko kikamtoka puani,
akalalia faili, mabega yanaruka.
Watu wakacheka kidogo, kwa adabu,
kama mkwe akikosea jina la ukoo.
Nikabaki katikati ya ukumbi na hasara yangu
bila mtu wa kuiandika.
Mzaha usipopata wa kuuamini
ni parachichi bivu matopeni: pwa, basi.

Tulirudi kwa miguu kandokando ya mashamba ya chai,
tope linatuvua viatu.
Gwamaka, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani,
alinyamaza mpaka darajani.
"Ambakisye. Unafanyaje?"
"Nini?"
"Kutocheka."

Sikuwahi kuulizwa. Ikabidi nifikiri.
"Nakuamini," nikasema.
"Unapoingia pale, kwangu umeibiwa kweli.
Nami ndiye niliyebaki na fomu,
na fomu haina nafasi ya kivuli."

Hakujibu. Alitema mate, akatembea.

Jumamosi, nyuma ya pazia la kanga,
nikavaa koti, mkono ukagusa kitu kigeni:
kifungo cha tatu,
kijani, kikubwa kuliko wenzake,
kimeshonwa kwa uzi wa gunia, ovyo kabisa.
Nilimtazama. Alikuwa anahangaika na kofia.

Nikaketi. Nikanyoosha faili.
Visigino vikasikika.

"Jina?"