Kadi Haina Mraba Wangu

Mwanangu ana kadi ya kliniki,
ina miraba hadi miaka mitano.
Kila mwezi Nesi Bibiye humning'iniza kwenye mizani
kama kikapu cha choroko,
huweka nukta, huunga mstari,
na mstari unapanda.

Mimi nilipewa siku arobaini.
Ya arobaini na moja nikatolewa nje,
nikapakwa mafuta, nikasifiwa,
nikakabidhiwa ndoo.

Hapa Newala maji yako bondeni.
Kushuka, moyo wangu ni kama wa kila mtu.
Kupanda, ni wangu peke yangu.

Nilizaliwa una tundu.
Nilipokuwa na miaka saba wakalishona Dar es Salaam,
wakaniachia zipu kifuani.
Swaumu huichezea akinyonya,
kama anatafuta pa kuifungulia.

Nilipokuwa na mimba walinitazama wote:
daktari wa Mtwara, na daktari wa huyo daktari,
hata dereva wa gari la wagonjwa alijua naitwa Somoe.
Nikajifungua. Vigelegele.
Wakageuka kumtazama aliyetoka.

Mwezi wa nne nikaanza kulalia mito mitatu.
Mama mkwe akasema, kunyonyesha kunachosha.
Soksi ikaniachia pete kifundoni.
Jirani akasema, umenenepa, uzazi umekukubali.
"Piga moyo konde," akaniambia Chilumba,
mume mwema, asiyejua alichosema.
Moyo huu, Baba Swaumu, haupigwi konde.
Ulishapigwa kisu, unatosha.

Oktoba, korosho zikianguka,
nilimpeleka mtoto kupimwa.
Nesi Bibiye akamaliza naye,
kisha akanishika mkono, si kwa salamu.
Akatazama saa yake dakika nzima.
Foleni ikanung'unika.
"Na wewe, nani anakupima?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu jingine.

Akageuza kadi ya mtoto, nyuma, palipo peupe,
akachora kwa rula na kalamu nyekundu:
MAMA.
Eko ya moyo. Dawa ya maji.
Sindano ya uzazi, mimba nyingine isije kabla ya kuulizwa.
Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano,
hata karatasi ikamwishia kwenye mwaka wa saba.
"Tutagundisha nyingine," akasema,
na kumwita aliyefuata.

Miraba miwili imejaa.
Wa tatu unangoja nauli ya Mtwara,
nauli inangoja malipo ya korosho,
na chama cha msingi kinasema wiki ijayo
tangu wiki tatu zilizopita.

Swaumu sasa anatembea.
Tukipanda kutoka bondeni hutangulia,
lakini akifika mkorosho wa pili hugeuka,
huketi kwenye majani makavu,
hunisubiri nihesabu pumzi.
Hakuna aliyemfundisha.
Ningependa asiwe ameshajua.